Mama, Ule Udongo wa Jiko Uliupeleka Wapi?

Mama,

Nilikupoteza Alhamisi ya pili ya mwezi wa kwanza, saa tisa ya muchana, wakati nilikuwa nimetoka kutafuta malimau ya chai yako. Leo imetimia miezi saba na siku kumi na moja. Siku ile nilifikiri nimepoteza mama tu. Kumbe nilipoteza pia mutu mumoja katika Bunia yote ambaye angeweza kunijibu ulizo la barua hii.

Lakini habari za nyumbani kwanza, juu najua ungenikatiza: "Salimia watu, kazi yako haina miguu ya kukimbia."

Furaha, binti ya ndugu yako, alifika mu mwezi wa tano kutoka Djugu. Watoto watano, godoro moja, na mbegu za maharagi zimefungwa mu ncha ya kitenge. Nyumba yao haiko tena. Niliwapa chumba chako na kile cha nyuma. Yule mudogo wao anasalimia picha yako kila asubuhi, anakuita Shefu, mukubwa wa nyumba. Sijui nani alimufundisha, na hakuna anayetaka kumukosoa. Avoka yako imezaa mara mbili. Mulango wa choo bado unalia.

Sasa Furaha anataka kupanda mbele mvua haijawa kali. Alichagua mwenyewe kona ya nyuma, pale ndizi zako zilikuwa zamani. Ananiambia, "Dada, udongo mweusi namna hii unangojea nini?" Nikamuambia angoje. Aliniangalia sawa vile watu wanaangalia mwenye nyumba mubaya. Mimi sikuwa ninamunyima, Mama. Nilikuwa ninaogopa.

Kazi yangu weye uliieleza kwa majirani kwa maneno yako: "Nilimusomesha, nikamusomesha, mpaka akarudia kucheza na udongo." Walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini ujue nilivyofika pale. Miaka mitatu niliosha chupa mu laboratwari ya watu, kila chupa mara tatu, na mangaribi nilisoma vitabu vya kuazima. Hakuna mujomba aliyenifungulia mulango. Leo tuko watu watatu na mashine moja ya kupima udongo, na tunasafisha pahali palipoharibika: depo ya mafuta ku njia ya Marabo, gereji za zamani, na zaidi ua za watu wanaochoma zahabu.

Na weye ulikuwa unachoma zahabu, Mama. Ndani ya jiko letu. Nimeingia ua za watu wengine miaka kumi na moja mbele ya kuingia uani kwetu.

Nakumbuka vizuri. Kila Alhamisi yule muzee munuzi wa zahabu, mwenye nyumba ya matofari ya kuchoma, alituma donge jeupe ndani ya karatasi ya kaye, daftari la shule. Ndani yake merkiri, ile zebaki, ilikuwa imekamata zahabu, na kazi yako ilikuwa kuiweka mu kikaango, juu ya makaa, mpaka merkiri iende na moshi na zahabu ibaki peke yake, ya manjano. Hakutaka kuchomea kwake. Kwake kulikuwa mapazia. Alikulipa sabuni na mafuta ya kupikia, na kila mwaka mupya madaftari yetu. Yeye alijua moshi ule ni sumu. Bado ninamuona ku soko, amenona, mikono yake imetulia. Ya kwako ilitetemeka mpaka ukaniomba nikupitishie uzi mu sindano, kisha nikushikie kikombe. Walisema ni uzee. Miaka hamsini na sita, Mama! Huo uzee nani aliuhesabu?

Lakini na weye ulijua kitu. Makaa yakishika, ulitufukuza:

"Muende muteke maji!"

"Mama, bidoni zimejaa, zote saba."

"Basi muende mumwage, muteke tena!"

Siye tulifikiri unaficha zahabu. Tulimwaga bidoni ku majani, tulirudi ku robine ya maji, tulicheka njia yote juu ya mama yetu ambaye hajui hesabu.

Juma lililopita nilipima parseli yetu, kiwanja chote. Niligawanya ua kwa kamba, pahali ishirini na nne, kila meta tatu. Masizi ya ndani ya mabati ya jiko yalipigisha mashine kelele, sawa nilivyotegemea: moshi ulipita pale miaka tisa. Kisha nikapima chini, pale mafiga yalikuwa, pale panapaswa kuwa pachafu kuliko pote. Safi. Safi sawa na udongo wa barabarani. Nikapima tena. Nikabadilisha betri, nikapima mara ya tatu.

Ndipo nikakaa chini palepale, kwa magoti, na mu mawazo nikaona jembe lako.

Kila mwisho wa mwezi ulikwangua jiko, urefu wa kidole kizima, ukatandika udongo mwekundu mupya. Wamama wengine walikandika kuta, weye ulikandika chini. Ulisema, "Jiko linazeeka, linataka nguo mupya." Ule wa zamani uliutia mu beseni, ukafunika na kitenge cha kazi, ukatoka. Mimi uliniacha na chungu: "Maharagi yakiungua, weye ndiye utakula." Kwa hiyo sikukufuata hata mara moja. Nilihesabu tu. Mpaka mia tatu na sitini, polepole, na ulikuwa umerudi na beseni tupu. Siku za mvua, mia ine na zaidi.

Beseni moja kwa mwezi, miaka tisa: beseni mia moja na nane. Beseni mia moja na nane hazipotei, Mama. Kila udongo uko na pahali.

Nimetembea hesabu yangu ya utoto kwa miguu ya mutu muzima, na beseni imejaa ku kichwa. Pahali pawili tu panaingia ndani yake. Pa kwanza ni shimo la choo cha zamani, kona ya nyuma, hatua themanini na ine: kwenda, kuondoa mawe, kumwaga, kurudisha mawe, kurudi. Pa pili ni mutoni, hatua mia moja tisini: kwenda, kumwaga, kurudi. Mvua ingechelewesha vyote viwili, mawe yanateleza na njia ya mutoni inateleza. Shimo lingekula zile beseni zote na kubakiza nafasi. Muto ungekula zote na kusahau.

Usiniambie nipime mutoni. Nilipima. Matope ya leo hayajui neno la miaka ishirini, na upande ule walijaza vifusi wakati wa kutengeneza barabara. Asubuhi ya juzi nilihesabu wamama wanaoteka pale: arobaini na watatu, mbele ya saa mbili. Mashine yangu haioni chini ya mawe pia. Pale kona ya nyuma inaona udongo wa juu tu, na ule uko muzuri. Ndiyo maana Furaha anaupenda.

Nakumbuka ndizi za kona ile. Ulizikata zikiwa mbichi, ukazitupa ndani ya shimo la takataka. Tukilia, ulisema, "Hizo ni za nyoka." Tulikuita muchoyo, Mama. Labda ulijua kuna nini chini ya mizizi yake. Leo nimeshika ndizi zile kwa mikono miwili kama mutu anayezama. Lakini mu kazi yangu tumaini si kipimo.

Na kuna siku nyingine. Unakumbuka ulivyonisaidia kuhesabu mifuko ya udongo ku meza yetu? Hukujua kusoma namba nilizoandika, basi kila mufuko uliuwekea haragi moja. Siku ile nilisema mifuko ni arobaini, weye ukasema maharagi ni arobaini na moja. Nilikasirika. Mufuko wa arobaini na moja ulikuwa chini ya kiti cha moto, pikipiki yangu. Ulicheka mpaka ukajipangusa macho na kitenge: "Enjenyeri wangu!" Kisha ukauliza, sauti ya chini: "Na udongo muchafu, mukiuondoa, munaupeleka wapi?"

Nilikueleza mbiombio, moto ilikuwa inangurumia inje. Tunachimba shimo mbali na maji, tunaweka udongo wa mufinyanzi chini na juu, mawe, na hakuna mutu anapanda chakula pale.

Ulikusanya maharagi yako moja moja. Ukasema, "Ni vile."

Ni vile nini, Mama? Ulitaka kusema, "Ni vile na mimi nilifanya"? Ao, "Ni vile ningefanya, kama mutu angeniambia"? Kila siku ninauliza watu wasionijua: munamwaga wapi? Weye uliuliza ulizo langu, na mimi nikapanda moto nikaenda.

Mimi ndiye ninayeandika ripoti. Ndani yake kuna musitari wa jina la aliyechafua. Kama ni mutoni, nitaandika la muzee wa mapazia, na nitaandika lako chini yake, na nitashuka mwenyewe kwa wale wamama arobaini na watatu niwaambie, macho kwa macho, kisha nitasafisha ule ukingo mpaka mashine inyamaze. Kama ni shimoni, nitaufunga udongo wako vizuri kuliko wa mutu yeyote, nitarudisha ndizi za nyoka juu, na Furaha atapanda upande wa avoka. Yote mawili nimeyaahidi mbele ya picha yako, na Shefu hakukataa.

Lala, Mama. Mikono yako itulie sasa. Lakini kwanza nijibu. Jumamosi, saa moja ya asubuhi, vijana wangu watakuwa wamefika na mapipa na vifuniko vya pua, na mimi mwenyewe nitaondoa jiwe la kwanza. Sitaki ndoto, sitaki ndege ku mabati. Ulikuwa mutu wa neno moja. Nipe neno moja, mbele ya saa moja ya Jumamosi: ni shimoni, ao ni mutoni?