Jembe la Clotilda

Jumatatu, 3 Machi 1952
Karugendo, karani wa chama cha kahawa, ametuazima ghala tupu tufundishie watoto kusoma. Sharti lake: ghala ni la wakulima wa dini zote, kwa hiyo kila siku ya darasa walimu wawe wawili, Mlutheri na Mkatoliki. La sivyo, anachukua ufunguo. Mlutheri ni mimi. Mkatoliki hayupo! Na watoto arobaini na mmoja wameshaandikishwa.

Jumanne, 4 Machi
Kamachumu nzima kwa miguu, natafuta mwalimu Mkatoliki. Rweyemamu ana shughuli. Ildefons hafundishi bure. Anatolia alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa ya kutafuna, akakataa vizuri vilevile. Nimechoka na nimekasirika.

Jumatano, 5 Machi
Clotilda! Alisoma kwa masista. Amekubali hata sijamaliza kusema. Ila mama mkwe wake, Ma Kokwijuka, akauliza nani atampandia maharage. Nikajibu haraka, kwa heshima — mimi, waitu. Mdomo huu!

Jumamosi, 8 Machi
Darasa la kwanza. Nilimpitia Clotilda twende pamoja, Ma Kokwijuka akanipa jembe. Nikasema nitakuja jioni. Akasema jioni ni ya kupika. Kwake, saa anayotoka Clotilda ndiyo saa ya mimi kuingia shambani. Basi Clotilda akaenda peke yake. Ghala liko ng'ambo ya barabara tu, sauti zote zinafika kibanjani, humu kwenye migomba na maharage ya Ma Kokwijuka. Nilimwonea wivu, nisiseme uongo.

Jumatano, 12 Machi
Kibanjani tena. Ma Kokwijuka anasema nafukia mbegu kama mtu anayezika. Baadaye akaacha kupanda, akauliza watoto wanasema nini. Nikamwambia: ndizi, ndoo, ndugu.
Karugendo akapita na baiskeli — akaniona na jembe! Jumamosi atakuja mwenyewe. Walimu wawili, au ufunguo.
Nilimsihi Ma Kokwijuka aniachilie siku hiyo moja. Akainamia mbegu zake.

Ijumaa, 14 Machi
Kutwa nzima nimewaza nitawaambiaje watoto. Naona aibu kabla ya wakati.
Sasa hivi Ma Kokwijuka ametoka hapa. Hajawahi kufika kwangu. Hakutaka kuketi. Akauliza darasa linaanza saa ngapi. Nikasema saa tatu. Maharage hakuyataja, nami sikuthubutu. Akauliza tena, mtu wa umri wake huketi mbele na watoto au nyuma?
Nikasema popote, waitu.
Akasema basi mbele, macho yake hayaoni mbali.