Baiskeli Yako Haitapanda Garimoshi

Baba Roza, mume wangu uliye Tabora,

Sisi hatujambo kidogo. Roza anakohoa lakini anakula. Mdogo wake, yule uliyemwacha tumboni, ameota meno mawili na ananing'ata nikimnyonyesha. Ndiyo maana mwandiko huu umeyumba: naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba yeye. Nimechoka, baba Roza. Nalisema hilo mapema ili mbele huko nikitoa neno kali usidhani ni hasira peke yake.

Najua kusoma hukujifunza, na barua hii utasomewa na karani. Najua pia kwamba penye kusomwa barua hapakosi watu. Kwa hiyo sikuifunga. Isomwe waziwazi, na msomaji asiruke neno kwa kumwonea mtu haya, hata kama mtu mwenyewe amekaa hapo mkekani anasikiliza. Nyamizi, kama upo, salamu zako.

Saidi, mwenzako wa reli, amefika hapa Mafiga na maneno yako. Alikaa kizingitini, akavua kofia, akasema, "Shemeji, kaka anaomba uipeleke baiskeli yake stesheni. Ipande behewa la mizigo, yeye ataipokea huko."

"Ya nini? Si anafunga reli? Ataiendesha juu ya mataruma?"

"Kule kuna uwanja, shemeji. Tambarare kama sinia. Jumapili wenye baiskeli zao wanazunguka, wanajifurahisha tu."

"Na wasio na zao?"

Akacheka kwa mdomo, macho hayakucheka. "Watani wapo wengi."

"Nyamizi yupo?"

"Ah, shemeji. Si ndiko kwao?"

Nikampakulia ugali na kisamvu, akala akaondoka. Mimi sikula.

Tangu hapo kila nikiinua macho naiona baiskeli imetundikwa ukutani, na nakumbuka ulivyoileta. Yule Mgiriki mwenye machimbo ya kokoto alikuwa anaondoka, akakuachia, gurudumu la mbele limepinda kama mguu wenye matege. Watu walikucheka njia nzima. Wewe ukaigeuza kichwa chini miguu juu uani, ukawa unanyoosha spoku moja moja, unalizungusha gurudumu, unalisikiliza, unakunja uso. Nikikuita kula unasema, "Nakuja." Uji unapoa. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia, sitakuficha. Nilikuwa na wivu na chuma. Nilijiuliza, mimi aliniangalia lini namna hii, kiungo kwa kiungo, kwa subira?

Lakini Jumapili ya kwanza ulipokwenda nayo uwanjani, wivu ulinitoka kwa muda. Tulitoka misa, nikamfunga Roza mgongoni, tukateremka mpaka pale askari wanapofanyia gwaride. Yule karani wa bomani, mtu wa pwani, alikuwa ameshazungushia chokaa, duara refu lenye kona mbili. Alisimama katikati na mwavuli wake akipiga kelele, "Hapa si mbio! Anayetaka mbio akashindane na garimoshi!" Kabla hamjapanda alipita kwa kila mtu, akibonyeza breki, akitikisa usukani, akivuta mnyororo. Mwenye kanzu isiyofungwa alirudishwa. Ya kwako ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mkonge kuanzia nyumbani, na niliifunga mimi.

Na nyumbani ulinifundisha yote, unakumbuka? Ulipanga magunzi sakafuni yawe duara, ukashika kijiko, ndiyo baiskeli. "Mama Roza, tazama. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje uwe ndani yake. Penye kona usimpite mtu. Mpite penye mnyoofu, tena kengele kwanza. Macho yatupe mbele, pale unapotaka kufika. Ukilitazama shimo utaliingia. Mzunguko wa kwanza polepole, wa mwisho polepole, raha iko katikati. Na miguu ikichoka, toka, usione haya." Niliyashika kama nilivyoshika katekisimu kwa masista. Nikikaa pembeni nilikuwa namjua atakayeanguka kabla mwenyewe hajajua.

Wewe hukuanguka. Hukuwa wa mbele, hukuwa wa nyuma. Walikupita vijana wa kutaka kuonekana, nawe uliwapisha kwa mkono. Nilikutazama nikajisemea: huyu anajua kupunguza mwendo. Mwanamke mwenye mimba anataka mwanamume wa namna hiyo, zaidi ya mwenye maneno matamu.

Sasa tuje kwenye Jumapili ile.

Nyamizi alikuwa akiuza karanga chini ya mwavuli wa karani, na kila mmoja wetu alimjua kwa mdomo wake. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, hilo halina mjadala. Ulipomaliza mzunguko wako wa mwisho akaweka ungo chini, akakusimamia mbele ya gurudumu.

"Ninyi Waluguru kazi yenu kupanda milima kama ngedere. Baiskeli mlifundishwa na nani? Shuka, mtani, niionje!"

"Mtani, utavunjika shingo."

"Nikivunjika utanizika bure, na ng'ombe utatoa wewe. Shuka!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mpe! Mtani hanyimwi!" Hata karani alicheka mpaka mwavuli ukamtoka mkononi. Na kweli, mtani hanyimwi. Angetaka kofia yako ungempa, angetaka jembe ungempa. Ukashuka. Akapanda, nguo ameibana kwa magoti. Ukamshikia kiti kwa nyuma ukawa unakimbia naye, jasho linakutoka, unacheka kicheko ambacho mimi nilikuwa sijakisikia tangu tuoane.

Mpaka hapo nilivumilia. Nami nilicheka kidogo, maana mtu akinuna kwenye utani ndiye anayefedheheka. Lakini mlipofika kona ya upande wa mlima, Nyamizi aliliona shimo akapiga ukelele, nawe ukatoka nyuma ukakimbia ubavuni kwake, ukamwambia, na nilikusikia mimi kwa masikio yangu, "Usitazame shimo! Nitazame mimi!"

Nitazame mimi.

Kwenye magunzi uliniambia macho yatupwe mbele. Kwake ukawa wewe ndiye mbele. Naye akakutazama kweli, baba Roza, akakutazama vizuri sana, na kwa sababu hiyo mkaingia shimoni wote wawili, mkajaa chokaa kama mikate iliyopakwa unga. Karani akaacha kucheka, akawagombeza. Watu walisema ni utani. Kiwiko chako kilichochubuka nilikiosha mimi jioni, nikakipaka mafuta ya nyonyo, nawe ukawa unasema "taratibu, taratibu" kana kwamba ni mimi niliyekuangusha.

Nikakuomba palepale, "Jumapili ijayo unishikie na mimi."

Ukasema, "Na tumbo hilo? Na mtoto mgongoni? Ngoja uzae."

Ulisema kweli. Hata karani asingeniruhusu. Lakini kuna kweli inayouma kuliko uongo, kwa sababu huna pa kuigombeza. Nikangoja nizae. Kabla sijazaa reli ikakuita, ukaondoka na behewa la kokoto, na baada ya muda nikasikia Nyamizi naye amerudi kwao, na kwao ni huko huko reli inakokwenda.

Basi nisikilize. Wivu wangu si wa kukudhania kitanda tu. Hilo nalidhani, sitasema silidhani. Ninapotwanga nalidhani, mtoto anapolia alfajiri nalidhani. Lakini kinachonikaa kooni zaidi ni ule mzunguko. Nina wivu na mwanamke aliyeshikiwa kiti akakimbizwa huku upepo unampiga usoni, hana mzigo kichwani wala mtoto mgongoni. Mimi niliyejua sheria zote nilikaa pembeni nimeshika ungo wake wa karanga ili usimwagike. Ndiyo, niliushika mimi. Wewe hukuona.

Mjomba aliteremka kutoka Mgeta na mzigo wake wa maharage. Nikampa shikamoo, nikamweleza ulivyoagiza. Alimenya mua, kisha akasema, "Mpwa wangu, sisi Waluguru tunajua jambo moja. Mume akija kwa mke huja na jembe lake. Siku jembe linapotoka nyumbani, mume naye ametoka. Wa kwako jembe lake lina magurudumu, basi, tofauti ni hiyo."

"Mjomba, huenda anataka kujifurahisha tu."

"Ajifurahishe. Watoto hufuata mama, ni wa ukoo wetu, na kiwanja hiki ni cha ukoo wetu, hakuna atakayelala njaa. Mpelekee. Tujue moja."

Yeye kwake ni jambo jepesi. Si yeye anayelala na mtoto anayeuliza baba yuko wapi.

Hata hivyo nilijaribu kukutii, ujue. Niliishusha ukutani nikaipangusa vumbi. Nikabonyeza breki ya mbele nikaona ngozi yake imelika imebaki chuma kitupu. Nikaenda kwa fundi viatu nikaomba kipande cha ngozi, akaniwekea. Mnyororo nimeupaka mafuta. Nilijiambia, hata kama inakwenda kwa yule, isije ikamuua baba wa watoto wangu. Ndivyo nilivyo mjinga juu yako. Nikamfunga mdogo mgongoni, Roza akashika kanga yangu, nikaisukuma mpaka stesheni.

Nikaweka mezani kwa karani wa mizigo kamba ya kuifungia behewani. Aliitazama baiskeli, akanitazama, akauliza, "Mama, mwenyewe amehamia huko?"

Swali dogo. Nadhani humwuliza kila mtu. Kusema amehamia, ningekuwa nimekuacha kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya mtu nisiyemjua. Kusema hajahamia, ningekuwa nasema uongo au kweli, sijui, na wewe ndiye unayejua. Watu wa nyuma wakaanza kusukumana, mtoto akaanza kulia. Nikaugeuza usukani.

"Mama! Kamba yako!" karani akaita. Sikurudi kuichukua.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na msomaji alisome polepole. Baiskeli haiji Tabora.

Si kwamba naichukua. Ni yako, ulinyoosha kila spoku. Lakini mimi sitakuwa mtu wa kuitoa mlangoni nikapakia, kisha wewe ukae huko ukisema mke wangu mwenyewe alinipelekea vitu. Ukiitaka, panda garimoshi, uteremke Morogoro, uingie ndani, uishushe ukutani kwa mikono yako na mimi nikuone. Ukiweza kufanya hivyo huku mtoto huyu anakutazama, utakuwa mwanamume wa kukata maneno, nami sitakuzuia mlangoni.

Na ukija kwa kukaa, vilevile sitakuuliza mengi. Nitakuuliza neno moja, unijibu tukiwa peke yetu. Halafu Jumapili tutateremka uwanjani. Tumbo halipo tena, watoto atawashika mama yangu. Nitapanda mimi, utanishikia kiti. Usikimbilie ubavuni. Kaa nyuma, nyamaza, niachie macho yangu niyatupe ninakotaka.

Nyamizi, kama upo hapo mkekani, na wewe nisikilize, kwa heshima ya utani. Mtani anaweza kukupora kofia, jembe, hata baiskeli uwanjani mbele za watu, na mwenye mali akanyamaza akacheka. Nilicheka, mliniona. Mume haporwi. Hilo hata kwenu Unyamwezi lajulikana, na kama unaona nakosea, mtume huyo huyo mtani wako aje kunisahihisha.

Baba Roza, mahindi hapa yametoa ndevu. Yatakauka, yatavunwa. Nakungoja mpaka yaingie darini. Yakishaingia na wewe hujaonekana, sitakwenda stesheni tena, wala sitaandika barua ya pili. Nitaiteremsha baiskeli, nitaibonyeza breki nihakikishe inashika, nami nitaisukuma kwa miguu yangu mpaka Mikese, nimkabidhi mama yako mzazi mbele ya majirani zake. Atajua maana yake, na wewe utajua. Kwa mama yako sitasema ubaya wako hata mmoja. Nitasema tu, mama shikamoo, cha mwanao hiki, kizima, hakina ubovu.

Lala salama huko. Usifanye kazi na homa kama ulivyozoea. Kama kuna Jumapili unaazimwa baiskeli ya mtu, ibonyeze breki kwanza, za watu huzijui.

Ni mimi mke wako hadi mavuno,
mama wa Roza, na wa Petro ambaye hujamwona.