Maganda ya Shaba Yaliyogeuka Mekundu

Vårby gård, Stockholm

Mama yangu, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa kibarazani na magoti yametulia. Mimi mzima, nakula, nalala, na baridi iliyoanza juzi nimeipokea kwa koti zito. Hebu niambie kwanza: ile dawa ya presha unakunywa, au umeiweka kabatini iwe pambo? Na Zulfa kikohozi kimemwisha? Simu tunapigiana, najua, lakini kwenye simu wewe unapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, na mimi nasahau nusu ya nilichotaka kusema. Habari hii nataka uisikie taratibu. Ila usimpe Zulfa akusomee. Mwite kaka Athumani. Athumani, soma yote, usiruke ruke kama kawaida yako!

Unakumbuka, Mama, nilikwambia nimeacha usafi wa maofisini, nimepata karakana ndogo huko Södertälje, kazi ya shaba, na kwamba niko kwenye majaribio. Majaribio yakiisha vizuri napewa ajira ya kudumu, na mwenye ajira ya kudumu anaweza kuomba mwanawe aje kuishi naye. Yakiisha vibaya narudi kwenye ndoo na fagio, na mwanangu Zulfa naendelea kumwona kwenye kioo cha simu. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha raha.

Sasa shaba yenyewe, usishike kifua: ni maganda ya risasi. Tulia, Mama! Athumani, mpe maji. Huku watu wanawinda kwa kibali, tena wazee wenye heshima zao, na wengine wanashindana kulenga shabaha kama wazee wa mtaani kwetu wanavyoshindana bao. Risasi ikishalia, ganda la shaba linabaki. Hawalitupi. Wanaliokota na kutuletea, sisi tunalisafisha na kulikata liwe na urefu wake sawasawa, kisha wanakwenda kulijaza wenyewe makwao. Baruti hatuigusi hata chembe.

Nilipoanza tulikuwa tunafanya kwa mkono. Unashika ganda, unazungusha kishikio, unakwangua mdomo wake, unachukua jingine. Jioni mikono inauma nashindwa hata kumenya kitunguu. Basi siku moja Gunnel, huyo bi mkubwa mwenye karakana, akafungua boksi. Mashine, Mama! Ya umeme! Inakaa mezani kama cherehani, na juu yake vimesimama vichwa vidogo vinazunguka vyote kwa pamoja. Hiki kinakata shingo ya ganda, hiki kinapara mdomo kwa ndani, hiki kwa nje, kile cha brashi kinafagia masizi, na kidogo kabisa kinasafisha kishimo ilipokaa fataki ya kuwashia baruti. Unagusisha tu, vrrr, unahamia kinachofuata, vrrr, ganda linatoka mdomo laini kama wa kikombe. Wallahi nilicheka peke yangu. Wenzangu walikuwa wanaizunguka kwa mbali wakisoma maelekezo, mimi nikauliza, "Naweza kujaribu?" Tangu siku ile nikawa mtu wa mashine.

Na kuna pipa jingine la umeme la kung'arishia. Unajua wanatia nini ndani? Magunzi ya mahindi! Haya haya tunayowashia moto sisi. Wameyasaga, wanayatia pamoja na maganda, pipa linatikisika wee mpaka shaba inang'aa. Nilitamani ungekuwepo uone Wazungu wanavyoyahifadhi magunzi kwenye ndoo yenye mfuniko kama sukari ya Idd.

Sasa sikia balaa. Wiki ya kuwinda ilikuwa imekaribia. Huku kuna mnyama mkubwa kama pofu wa mbugani kwetu, mapembe yake mapana kama viganja vya mikono, na msimu wake ukifika wanaume kwa wanawake wanaingia msituni, huna wa kumuuliza kitu mjini. Kundi moja la wawindaji walituletea maganda yao, mzee wao anaitwa Lars, wayachukue kabla hawajaondoka. Ijumaa, pipa la magunzi likaungua mota. Gunnel akashika kiuno. Spea mpaka wiki ijayo.

Mimi, Mama, nikajiona mjanja. Nikasema moyoni, shaba gani hii itakayonishinda mimi, niliyesugua dele la kahawa la marehemu baba kwa ukwaju kila kuamkia Idd? Hamu ya kumfurahisha Gunnel ilinizidi. Kwenye duka moja karibu na kituo cha treni wanauza ukwaju, nikaununua, nikaukoroga na maji ya moto kwenye ndoo, nikayatosa maganda yote. Nyumbani tunasugua na kusuuza papo hapo, sivyo? Mimi nikasema acha yalale humo, yakolee. Wala sikumuuliza mtu. Nikaenda zangu nyumbani nimefurahi.

Jumamosi nimewahi kufika. Nikatia mkono kwenye ndoo. Mama, yalikuwa mekundu! Ile rangi ya njano imekwenda, yamebaki na wekundu wa kufifia, kama ufizi. Nikayasugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, na unajua nini? Moja likarudi kuwa la njano. Zuri kabisa. Nikasimama nalo mkononi. Ningeweza kuyasugua yote, nani angejua? Lakini nilishaambiwa siku ya kwanza kwamba shaba ikiliwa na asidi inageuka nyekundu na inakuwa dhaifu, inaweza kupasuka bunduki ikilia, na bunduki inalia karibu na shavu la mtu. Niliambiwa kwa jina la asidi, Mama, haikunipitia akilini kwamba ukwaju nao ni asidi. Nikamfikiria mzee Lars na uso wake. Nikamfikiria na Zulfa, nikaona nikisema ukweli nimeshamkosa mwanangu. Nililia pale pale juu ya ndoo.

Gunnel akaingia na mfuko wa mikate. Nikamwambia kabla hajavua koti: "Nimeyaharibu yote. Nimetia ukwaju." Akachukua moja, akaligeuza kwenye mwanga. Watu wa huku wakikasirika hawafoki, na bora wangefoka. Akasema, "Haya hayaendi kwa mtu." Akayachukua yote akayabana kwenye jiriwa mpaka yakawa bapa, moja moja, mimi namkabidhi. Kisha akampigia Lars simu.

Lars akaja na mfuko mwingine wa maganda, machafu kama yametoka jalalani. Hakufoka na yeye. Tukakaa, mimi kwenye mashine, Gunnel na kipimo anapima kila ganda ninalompa, Lars anapanguza kwa tambara kwa kuwa pipa limekufa. Mashine inavuma. Sijui kama nafanya kazi yangu ya mwisho au vipi. Lakini Mama, mikono yangu ilikuwa imetulia! Gunnel hakunirudishia hata moja.

Tulipomaliza akamimina kahawa. Huku kahawa ina heshima yake, watu wanaacha kazi wanakaa chini. Akanikatia mkate akasema, "Jumatatu uje saa yako ya kawaida. Na Jumatatu nyingine. Na baada ya hapo usiniulize tena." Sikuelewa. Nikamwuliza Lars kwa macho. Gunnel akasema, "Kazi nilishajua unaiweza. Nilikuwa sijajua siku ukiharibu kama utaniambia. Ajira ni yako." Kisha akaongeza, "Ila huo ukwaju wako ubaki jikoni kwako."

Mama, nilipiga vigelegele mle ndani mpaka mzee wa watu akamwaga kahawa yake! Nimepata! Mwanao ana ajira ya kudumu! Karatasi nimeshasaini. Niliporudi, Mama Divine, yule Mkongo ninayeishi naye, akanikamata kiunoni tukacheza jikoni. "Weye, nilikuambia itaenda muzuri!" anasema. Watoto wake wakatuuliza kwa Kiswidi kama tumerukwa na akili.

Hao watoto nao wamenifanya niandike badala ya kupiga simu. Wanaelewa kila anachosema mama yao, wanamjibu kwa Kiswidi. Wanampenda sana, lakini bibi yao akipiga simu kutoka Bukavu wanasema "jambo" tu, wanarudisha simu. Nimewatazama, nimekufikiria wewe, nikaogopa Zulfa akija huku naye asije akakujibu hivyo.

Furaha yangu yote hii, najua inakuja kuchukua kitu ndani ya nyumba yako. Zulfa nimemzaa mimi, umemlea wewe. Homa zake unazijua wewe. Wewe anakuita Mama, mimi ananiita kwa jina, Mama Mwana, kama jirani mwema. Ombi sijalipeleka. Karatasi ziko tayari, lakini sizitumi mpaka nisikie neno lako. Ukiona hawezi, au ukiona wewe huwezi, niambie wazi usinionee haya. Nitakuja mimi likizo, nitavumilia. Ukiona anaweza, basi umwambie wewe kwa mdomo wako. Nikimwambia mimi ataona mgeni anamchukua. Ukimwambia wewe atajua anatumwa kwa mtu wake.

Nisalimie shangazi muuza vitumbua, mwambie huku hakuna anayeviweza. Msalimie mwalimu wa madrasa wa Zulfa na wifi yangu, mke wa Athumani. Athumani mwenyewe asante kwa kusoma, na hayo ya mwisho yaishie hapo kibarazani. Zulfa mbusu kwenye paji la uso, usimwambie busu ni la nani.

Ni mimi mwanao Mwanahamisi, mama yake Zulfa, ukiniruhusu.