Usiugonge Mtungi

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, zima jiko. Mtungi wa gesi niliokuletea utoe nje, ukae mbali na nyumba. Umeshautoa? Haya, shikamoo dada. Watoto hawajambo? Shemeji mgongo wake unaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila roho haiko mahali pake. Simu yako haipatikani tangu jana, ndiyo maana nimemkabidhi dereva wetu barua hii.

Kazi yangu unaijua, wewe ndiye uliyenifundisha kabla hujahamia bohari la gesi la huko. Mtungi mtupu unaugonga kwa nyundo mara moja, basi, umeshajua kama ni mzima au una ufa. Ukiulizwa umejuaje, huna la kusema. Nilipokuuliza ulinicheka, ukasema nani hukaa akafikiri ndipo ajue chai ni ya moto?

Jumatatu imeletwa mashine ya kupimia. Fundi mkuu akapanga mitungi kumi niliyoipitisha, kwa mzaha tu, akisema tuone nani mkali, mashine au Masikio, jina wanaloniita hapa kazini. Mashine ikaonyesha mitatu ina nyufa, yote ya fungu moja la kiwandani. Nikabisha, nikaigonga tena mbele ya watu. Haki ya Mungu, dada, ililia safi kama siku zote! Hapo ndipo nilipoiweka nyundo chini. Ningekuwa na shaka hata kidogo, ningejua sikio limeharibika. Sikuwa nayo. Hospitali wamenipima, sauti nyembamba sizisikii tena, na daktari hawezi kusema tangu lini.

Fundi mkuu naye aliniuliza tangu lini, nikamwambia wiki hii. Nilimdanganya, niliogopa kufukuzwa. Mtungi wako ni wa miezi mitatu nyuma, na ni wa fungu hilohilo. Leo namwendea nimweleze ukweli, mitungi yote irudishwe, anifukuze akitaka.

Lakini kuna jingine ninaloliogopa zaidi. Ulipokuja kututembelea, kabla mtungi huo haujajazwa, wewe mwenyewe uliugonga ukasema mzima kabisa. Na kesho asubuhi unaingia kazini na nyundo yako.

Nenda ukapimwe masikio kwanza. Najua mkono unakuwasha uugonge ujihakikishie. Usiugonge, dada yangu, nakuomba. Utasikia mzima, na hutakuwa umejua kitu.

Wabusu watoto, shemeji mpe pole ya mgongo.

Mdogo wako,
aliyekuwa Masikio