Siku Arobaini za Samaki wa Donatien

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya nne. Nimetoa theluthi ya maji ya beseni, nimejaza mapya yaliyolala kwenye ndoo tangu jana. Wavu wa beseni kwenye msumari wake. Wavu wa tangi la vioo kwenye msumari mwingine, upande wa pili wa chumba. Mikono nimenawa mara mbili. Watano wamekula. Yule mdogo kabisa amekataa.

Wote sita ni wa manjano, urefu wa kidole. Donatien aliwavua mwenyewe ziwani, huko Kalemie jeshi lilikomtuma, akampa Kaporali Jean aliyekuwa akirudi likizo hapa Base, kambini kwetu. Wamekuja kwa treni, ndani ya bidoni la plastiki, pamoja na karatasi ya mistari mitatu. Wa mwisho unasema: "Watenge siku arobaini, hata ukiwaona wazima." Kaporali amesikia kwamba kesho yake kikosi cha mume wangu kilisonga mbele. Tangu hapo simu yake haiingii.

Ninaogopa. Basi, nimeandika.

Jumatano, 12 Machi

Mama Ngoie hanielewi. Mama mkwe wangu amezaliwa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, amekausha samaki maisha yake yote. Samaki wa kutazama tu hakuwahi kuwaona mpaka alipokuja kukaa nasi mwezi uliopita. Leo ameinama juu ya beseni muda mrefu.

"Samaki za mwana wangu ziko mu beseni sawa vile bafungwa," amesema. "Nyumba yao haiko ile pale?"

Nikamweleza. Mgeni anaweza kuleta ugonjwa usioonekana. Ndani ya tangi wamo wanane, Donatien amewafuga miaka saba. Mkubwa wao, mwenye nundu kichwani na mistari myeusi, anamwita Shefu. Wakiugua hao, hatutapata wengine.

"Niko nasikia, Odile."

Hakusikia.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi yule mdogo alikuwa anajisugua kwenye jiwe. Nikasogeza beseni kwenye mwanga wa dirisha. Vidoa vyeupe kwenye mapezi, kama amenyunyiziwa unga wa bukari, ugali wetu. Daftari la Donatien linasema ugonjwa huo unahama na maji, unahama na wavu, unahama na mkono uliolowa.

Nimetia chumvi ya mawe, kidogo kidogo. Nimefunika nusu ya beseni kwa kitambaa. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Ugonjwa upo, lakini umefungwa.

Simu haiingii.

Jumapili, 16 Machi

Nimerudi kutoka misa, beseni tupu.

Nilidhani wamekufa, Mama amewatupa. Kisha nikaona manjano nyuma ya kioo. Wote sita, wanapita kati ya wale wa zamani. Mdogo na vidoa vyake pia.

Mama alikuwa ameketi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Bako peke yao," akasema. "Mwana wangu naye iko peke yake. Sikuweza tena kubaangalia."

Nikamfokea. Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kumpandishia sauti. Nilimwambia ameua kitu pekee ambacho mtoto wake aliniachia nikilinde. Akaingia chumbani akafunga mlango. Hakula.

Sijuti. Ninajuta. Sijui.

Nimewavua wale sita kwa wavu na kuwarudisha. Haisaidii kitu. Maji ni yaleyale.

Jumatano, 19 Machi

Shefu ana vidoa.

Watatu wengine pia.

Chumvi. Maji ya moto kwenye chupa, chupa ndani ya tangi, ili joto lipande. Ninabadilisha chupa kila saa. Cherehani nimeifunika. Sare za watoto wa shule zitasubiri.

Mama na mimi hatusemezani. Anakoka moto wa makaa, anaacha birika mlangoni, anaondoka. Sikumwomba.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua tangu jana. Pano ya umeme wa jua juu ya bati haipati kitu, betri imekwisha, pompi ya hewa imesimama saa nne asubuhi. Samaki wote juu, midomo nje, wanahema.

Nikachukua kikombe. Unachota, unainua, unamimina kutoka juu ili maji yaingiwe na hewa. Mpaka saa saba mkono ulikuwa hauinuki. Mama akaja akaninyang'anya kikombe. Ana miaka sabini na moja. Alimimina mpaka saa kumi, amesimama, anahesabu kwa Kiluba. Kila mara akifika mia anaanza tena.

Nilimletea kiti. Alikikataa.

Jumamosi, 22 Machi

Jua limetoka. Pompi inafanya kazi.

Shefu amekufa. Wawili wa manjano pia, yule mdogo mmojawapo.

Nilidhani Mama atasema tumpike. Samaki mkubwa vile, kwao hatupwi. Alimfunga kwenye kipande cha kitenge, akamzika kando ya mchicha. Nilimtazama kutoka dirishani. Hasira yangu nimeitafuta, imebaki ndogo.

Jumatatu, 24 Machi

Namba nisiyoijua. Donatien.

Alikuwa amezima simu? Hapana, ameipoteza mtoni. Yuko mzima. Amerudi Kalemie. Nikakaa sakafuni.

Akauliza kuhusu samaki. Nilikuwa nimeshapanga la kusema: kwamba nilisahau, nilitumia wavu mmoja. Nikafungua mdomo. Mama akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shefu amekufa," akasema. "Njo miye nilichanganya samaki. Bibi yako Odile alinikataza. Usimugombeze yeye."

Kisha nikasikia sauti yake, mbali, ikiuliza wa manjano wamebaki wangapi.

"Ine," Mama akajibu.

Akatuambia tuwaache hapo walipo, na tuanze kuhesabu upya siku arobaini kidoa cha mwisho kitakapoisha. Kisha mama na mwana wakaongea mambo ya kwao kwa Kiluba. Nikatoka nje nikalia vizuri.

Jumapili, 30 Machi

Hakuna kidoa tangu Alhamisi. Tangini saba, kwenye beseni wanne.

Mama leo hakwenda misa ya kwanza, amenisubiri twende pamoja ya pili. Tuliporudi ameniuliza kwa nini wale wenye mistari wa tangini wanalala wote kona moja. Nimesema sijui. Amesema kule Kisale kuna samaki wanaofanya hivyo mvua zikikaribia kwisha, akanieleza wanavyovuliwa, na jina lao, nami nimeliandika pembeni hapa ili nimuulize Donatien.

Jioni tumekula bukari na mchicha sebuleni. Pompi inanguruma polepole. Mama amelala kwenye kiti, kichwa kimeinamia kioo.