Barua ya Benki kwa Marehemu Babu

Mombasa. Jumanne, Julai 1996

Manyunyu tangu alfajiri. Kusi limeshika, na dirisha la ofisi halifungiki sawasawa, kwa hivyo karatasi zangu nimezikandamiza kwa kikombe. Bosi yuko bandarini, hatarudi mpaka kesho. Ni saa kumi. Ripoti zote nimezimaliza kupiga taipu na mashine nimeifunika, lakini sitaki kwenda nyumbani bado.

Leo mchana nimemvunja moyo shangazi yangu.

Naliandika mwanzo kabisa, nisije nikalizungukazunguka halafu nikafunga daftari bila kulisema.

Chanzo ni akaunti. Mimi hupiga taipu katika ofisi ya wakaguzi wa meli, na wakaguzi wa kigeni wanaopita hapa hunipa kazi za ziada na kunilipa kwa pauni. Zamani kushika pauni ilikuwa kesi. Siku hizi sheria imelegezwa. Kwa miaka mitatu zangu nimezilaza katika kopo la maziwa ya unga, chini ya nguo za Idi. Mwaka huu Mskoti mmoja, mtu wa makamo mwenye adabu zake, aliniambia kuna benki katika kisiwa cha karibu na Uingereza ambayo humfungulia mtu akaunti ya akiba hata kama haishi huko wala hajapata kufika. Mambo yote hupita kwa posta. Akaniletea na fomu.

Kwa nini nizipeleke mbali hivyo? Kwa sababu nyumbani kwetu pesa haina mlango. Ikijulikana unayo, harusi itakujia, matanga yatakujia, na huna uso wa kukataa. Nilipoachwa na mume wangu nilirudi na akiba yangu ya kiasi. Mwaka haukuisha ilikuwa imemuoza binamu na kuezeka paa la mtu mwingine. Sikulazimishwa. Nilitoa kwa mkono wangu, nikaombewa dua nyingi, kisha nikakaa bila ya kitu.

Na zina kazi gani? Hili sikuwahi kuliandika hata humu. Nataka chumba. Kimoja tu, chenye choo chake, na ufunguo wake niwe nao mimi.

Nyumba tunayokaa, mimi na Shangazi Mwana Esha, ni ya babu, Mzee Athmani. Amefariki miaka ishirini sasa na mirathi haijagawanywa. Mfanyabiashara wa vinyago wa barabara ya Ndia Kuu ameshaulizia bei mara mbili. Siku Ami Twahir, mwanawe mkubwa, atakapokubali kuuza, kila mrithi atachukua fungu lake, na fungu langu halitanunua hata kizingiti. Shangazi alinilea tangu mama yangu alipokufa, nikiwa na miaka sita. Nimeshindwa kumwambia kwamba nafikiria kuondoka.

Basi fomu. Picha nilipiga, pasi niliipeleka kwa wakili akagonga muhuri kwenye nakala. Kisha wakataka ushahidi wa mahali ninapoishi: bili yenye jina na anwani ya nyumba. Hapo nikakwama. Nyumba yetu haina nambari. Ukiulizia unaambiwa "kwa Mzee Athmani", na mtoto yeyote atakushika mkono akufikishe. Bili ya stima nayo ina jina la babu mpaka leo, kama bili nyingi za kichochoro chetu zilivyo na majina ya waliozikwa. Hakuna anayethubutu kubadilisha. Atakayetangulia kwenda ofisini kuandikisha jina lake, watu watasema anataka kuila nyumba.

Nikafanya ninavyojua. Penye anwani nikaandika kwamba naishi nyumba ya Athmani Mbarak, nikaambatisha bili yake, nikatia stempu. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Ufunguo wa sanduku la posta la ukoo wetu anao Ami Twahir, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu. Amestaafu bandarini, anakaa Buxton. Hilo nililifikiria. Barua yangu ikija kwa jina langu ataniletea imefungwa, maana Ami hafungui barua ya mtu. Nisilolifikiria ni kwamba barua za baba yake huzifungua, na ana haki.

Jumamosi akaja nayo mkononi, imeandikwa Bwana Athmani Mbarak. Watu wa benki waliisoma fomu yangu kwa akili za kwao. Wameona bili ina jina la mtu mwingine, wakadhani tuko wawili tunaotaka akaunti moja; mimi wameniita "mwombaji mwenzako" tu, bila jina. Wamemshukuru babu kwa kuwachagua wamtunzie akiba yake, na wakamwomba yeye pia alete nakala ya pasi ili shughuli ikamilike.

Kizungu cha Ami ni cha gatini. Alishika "akiba", akashika "akaunti yako", akashika "pauni". Yaliyobaki akaniletea mimi.

"Wewe ndiwe msomi, Maimuna. Hebu tusomee, wasemaje hawa?"

Niliisoma kimya, nikarudia. Shangazi alikuwa mkekani anachagua mchele, amesitisha mkono kunisikiliza.

"Wataka pasi yake," nikasema.

"Ya marehemu?"

"Ndivyo walivyoandika, Ami."

Hakuna neno la uongo hapo. Na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba Mzee Athmani ana pesa Ulaya. Ami akakumbuka kwamba babu, alipokuwa karani wa forodha, alikuwa na bosi Mwingereza aliyempenda mno. Shangazi akakumbuka kwamba babu, ulimi ulipokuwa umeshakuwa mzito, alinyoosha kidole dirishani na hakuna aliyefahamu anataka nini. Sisi tulidhani anataka lifungwe. "Kumbe alikuwa atwonyesha Ulaya!" akasema. Nilitaka kucheka, halafu nikamwona usoni, na kicheko kikanikauka.

Shangazi si mtu wa tamaa. Hakuuliza hata mara moja ni kiasi gani. Kilichomfurahisha ni kuwa baba yake aliwakumbuka. Miaka ishirini amesikia watu wakisema Athmani mwaminifu, karani wa forodha asiyekula rushwa, alikufa akawaachia wanawe kofia na tasbihi. "Nalijua mimi," alikuwa akimwambia kila anayeingia, "nalijua baba hakutuwata bure." Jana alikwenda Biashara Street akanunua leso mpya, akaagiza halua, akaalika wasomaji wa khitma ya baba yake siku ya Alhamisi. Sijamwona akitembea vile, kichwa juu, tangu nina akili.

Upande wa pili binamu zangu wawili wameshaanza kununiana kwa ajili ya mafungu ya pesa isiyokuwepo.

Nilikuwa na siku tatu za kusema. Jumamosi nikasema kesho. Jumapili nikasema baada ya chakula. Jana nilijifanya kichwa kinaniuma, nikalala mapema. Kila nilipotaka kufungua mdomo niliyaona mambo mawili kwa pamoja: furaha yake itakufa, na siri yangu itatoka. Nikiwa mkweli, siku ya kwanza nilikuwa naiogopea siri zaidi.

Leo nilikwenda nyumbani saa ya chakula. Ami alikuwepo, amekuja kupanga mambo ya khitma. Nikambusu mkono, nikaketi, Shangazi akatupakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ami akasema amemwona wakili wake, akamweleza kwa mdomo. Kwa kuwa mwenye akaunti amefariki, wao warithi watakwenda kesho kwa Kadhi waape kwamba marehemu aliacha mali ng'ambo.

Waape.

Tonge lilikuwa mkononi, nikalirudisha sahanini. Kunyamaza ni jambo moja. Kumwacha mzee wa miaka sitini na minane ashike Msahafu kwa ajili ya kopo langu la maziwa ni jambo jingine.

"Ami," nikasema, "msiende kwa Kadhi. Ile akaunti ni yangu."

"Yako vipi, na jina ni la babangu?"

Maji nimeshayavulia nguo, nikayaoga. Nikaeleza fomu, nikaeleza bili, nikaeleza vile wazungu walivyotuunganisha mimi na maiti. Ami alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza lile nililolijua.

"Ni kiasi gani?"

Nikaisogeza sahani yangu kando.

"Paa la nyuma lavuja, dari yaoza, nawe wawawekea wazungu pesa?"

"Pesa hizo sizitoi, Ami. Nisamehe."

Ni mara ya kwanza maishani kumwambia mkubwa wangu neno hilo. Nilijiona kama mwizi, ingawa pesa ni zangu mwenyewe. Ami akanawa, akavaa kofia, akatoka. Sahani yake aliiacha nusu. Kwa anayemjua Ami Twahir na samaki wa kupaka, hiyo ni hasira kubwa.

Tukabaki wawili. Shangazi alikuwa akiyatazama makunjo ya leso yake mpya, akiyanyoosha kwa kidole.

"Kwa hivyo baba hakuniwata na kitu."

"Hapana, Shangazi."

"Na kule dirishani?"

"Sijui, Shangazi. Wallahi sijui."

Akalia. Hakulia kwa sauti, machozi tu, akiyafuta kwa pindo la leso. Nimemwona akilia matangani mara nyingi, lakini sijawahi kuwa mimi niliyemliza. Niliona haya mpaka nikatamani ningeliziacha zile pauni zioze koponi. Nilimwomba radhi. Nikamuuliza kama nipite nyumba kwa nyumba niwaambie watu khitma haipo tena.

Akanitazama kwa macho makali.

"Haipo kwani baba amefufuka? Watu wameshaalikwa. Itasomwa. Sisi twamsomea pesa?"

Kisha akauliza, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "Na hizo zako, mwanangu, ni za nini?"

Jibu la uongo nilikuwa nalo tayari. Kwa miezi nimelifanyia mazoezi: ni za Hija. Nani atamgombeza mtu anayeweka pesa za Hija? Lakini siku tatu zilinitosha.

"Za kununua chumba."

"Nyumba hii haikutoshi?"

"Siku ikiuzwa, Shangazi, itamtosha nani?"

Akainua macho akaziangalia boriti za dari, moja baada ya moja. Nilingoja aniambie nimekosa shukrani, maana ndilo neno nililoliogopa miaka mitatu.

"Hilo hulilalia nikaliamkia," akasema. "Nikanena moyoni, nisikutie hofu."

Kumbe. Tumelala ukuta kwa ukuta miaka yote hii, kila mmoja na hofu ile ile, kila mmoja akimfichia mwenzake kwa huruma. Sikujua nicheke au nilie, basi nikaanza kukusanya vyombo.

Nilikuwa nimefika mlangoni na sinia aliponiuliza.

"Vyumba vingapi?"

"Viwili," nikasema.

Si kweli. Haikuwa kweli. Hesabu zangu zote, tangu kopo lilipokuwa tupu, ni za chumba kimoja. Sikuwahi hata siku moja kutia cha pili. Neno lilitoka lenyewe, na nilipolisikia sikutaka kulirudisha.

"Changu kisiwe cha juu," akasema. "Magoti haya hayapandi ngazi." Akaenda kutawadha.

Nimempigia simu wakili wangu, yule aliyenigongea muhuri, kutoka hapa ofisini. Anasema bili si lazima. Ataniandikia kiapo cha makazi, niseme naishi wapi na kwa nani, benki itakipokea. Kesho nitapita kwake asubuhi kabla ya kazi. Anwani ya barua itakuwa ya ofisi, na safari hii jina litakuwa moja, la mtu aliye hai. Alhamisi nitaomba ruhusa nitoke mapema nikapike kahawa ya khitma. Ami akija nitambusu mkono, na akiniuliza tena nitamjibu vile vile.

Sasa nimetoa karatasi safi nikapiga hesabu upya, kwa vyumba viwili. Nimezipiga mara tatu, zinatoka vile vile: miaka tisa mingine ya kuweka. Mimi nina miaka arobaini na moja. Shangazi ametimiza sitini na sita.

Ya Rabi, tutawahi?