Nilikwambia Nimezunguka

Mzee wangu Hamisi,

Nakuandikia hapa Musaga, kwenye meza yako. Tangu tukuzike sijapata usingizi. Watu wanasema ni risasi iliyopotea, ni vita, siku yako ilifika. Apana, Mzee. Mi, mwanafunzi wako, ndiye niliyekutuma.

Unakumbuka tulivyoning'iniza sumaku kwa uzi ndani ya chupa, ukaibandika kipande cha kioo kirushe mwanga ukutani? Nilipouliza ya nini, ulinicheka: "We mutoto, jua likichafuka, sumaku ya dunia inatikisika, na umeme unazaliwa ardhini bila kuomba ruhusa!" Umeme huo unapanda na waya wa ardhi mpaka ndani ya transfo, transfoma inayowasha mji, unaichemsha. Ulitafuta hesabu ya kutuambia mapema utapanda kiasi gani, maana transfo kubwa ni moja na ya akiba hakuna, vita imefunga njia. Ikiungua, hospitali inabaki gizani. Hesabu ilikosa kitu kimoja tu: kipimo cha kwenye waya, mwanga ukiwa unacheza.

Mchana ule mwanga ukaruka mkono mzima. Nikapiga kelele, "Jua limechafuka!" Ukauliza neno moja: "Umezunguka?" Nikasema nimezunguka. Ukaacha chai yako, ukabeba mashine ya kupimia, ukashika barabara ya kwenda kwenye transfo. Hukufika.

Sikuwa nimezunguka, Mzee. Sheria yako ya kwanza: kabla ya kuisadiki sumaku, zunguka nyumba utazame kama kuna chuma karibu. Hata funguo ulikuwa unaninyang'anya. Niliposikia risasi nikatoka mbio, na nyuma ya ukuta wetu ilisimama kamio ya askari, lori zima la chuma. Ilipoondoka, mwanga ukarudi mahali pake. Jua halikuwa na habari. Ya Rabi, hatua ishirini tu!

Mama Asha, mke wako, bado ananiletea ugali na visamaki vya ndagala. Ananiita mwanangu. Naifunika sahani, naisukuma kando.

Jana nilitaka kuufuta mustari wa siku ile kwenye daftari lako la vipimo. Nimeshindwa. Pembeni nimeandika: kamio, na mi nilidanganya. Kesho nampelekea Mama Asha daftari, asome mwenyewe. Akinifukuza, ana haki.

Mungu akupokee, Mzee. Hesabu yako nitaimaliza, hata peke yangu. Leo asubuhi mwanga ulisogea kidogo. Nilizunguka nyumba mara tatu, nalia, na hapakuwa na chuma chochote. Safari hii ni jua lenyewe.